Umri wa Kuhitimu Uzamivu wa Fizikia

Watu wengi wanaohitimu shahada ya uzamivu katika fizikia huwa na umri wa kati ya miaka 25 na 31. Ndani ya mipaka hiyo kila nchi ina mahali pake. Uingereza wengi humaliza wakiwa na miaka 25 hadi 27, Japani 27 au 28, Marekani na Ujerumani 29 au 30. Afrika Mashariki mipaka hiyo huvukwa mara kwa mara, na mhitimu mwenye miaka 35 au hata 40 hamshangazi mtu.

Kipaji cha mtahiniwa kina sehemu ndogo katika tofauti hizo. Umri wa kuhitimu ni jumla ya vitu vitatu: miaka ambayo mfumo wa elimu unamtaka mtu aimalize kabla ya kuandikishwa, miaka inayomezwa na utafiti wenyewe, na miaka inayopita katikati bila masomo kwa sababu ya ajira, vita, malezi, ugonjwa au ukosefu wa fedha. Anayetaka kujua kwa nini nchi moja hutoa madaktari wa fizikia wenye miaka 26 na nyingine wenye miaka 38 hana budi kuvitazama vitu hivyo kimoja kimoja.

Jinsi umri unavyohesabiwa

Takwimu zinazotajwa zaidi hutoka Marekani. Huko, tangu mwaka 1957, wahitimu wote wa uzamivu huombwa kujaza dodoso la taifa linalouliza umri wao, njia waliyopitia na jinsi walivyogharimia masomo. Matokeo hutolewa kwa umri wa kati, yaani umri ambao nusu ya wahitimu wako chini yake na nusu nyingine juu yake. Kipimo hicho hupendelewa kuliko wastani wa kawaida kwa sababu wazee wachache huweza kuupandisha wastani kupita kiasi. Chukulia idara iliyotoa wahitimu watano wenye miaka 27, 28, 29, 30 na 61. Wastani wao ni miaka 35, umri ambao hakuna hata mmoja wao aliye nao. Umri wa kati ni 29, na huo ndio unaoeleza hali halisi ya idara hiyo.

Urefu wa masomo nao una mitego yake. Unaweza kuhesabiwa tangu siku mtu alipopata shahada ya kwanza, tangu alipoanza masomo ya juu zaidi ya hapo, au tangu alipoandikishwa rasmi kuwa mwanafunzi wa uzamivu. Mmarekani hutumia takriban miaka sita baada ya kuanza masomo ya juu, Mwingereza mitatu na nusu hadi minne. Kwa kutazama namba hizo peke yake mtu angedhani Mwingereza ana kasi zaidi, kumbe Mmarekani ameingia na shahada ya kwanza tu, na miaka yake miwili ya mwanzo ni ya masomo ya darasani ambayo Ulaya husomwa katika uzamili. Umri hauna utata huo wa mahali pa kuanzia kuhesabu, kwa hiyo ndio unaofaa zaidi kulinganishia nchi na nchi.

Mwisho wa safari pia una tarehe zaidi ya moja: siku ya kuwasilisha tasnifu, siku ya kuitetea na siku ya kutunukiwa. Albert Einstein aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Zürich mwezi Julai 1905, na shahada ikatoka Januari 1906. Ujerumani mtahiniwa aliyefaulu utetezi bado haruhusiwi kutumia cheo cha daktari mpaka tasnifu yake ichapishwe au ikabidhiwe maktaba ya chuo. Vyuo vya Afrika Mashariki navyo hutunuku shahada kwenye mahafali, ambayo hufanyika mara chache kwa mwaka, hivyo aliyetetea mara tu baada ya mahafali kupita husubiri miezi mingi bila cheo.

Ngazi za kabla ya uzamivu

Nchini Uingereza mwanafunzi humaliza sekondari akiwa na miaka 18, na tangu siku ya kwanza chuoni husoma fizikia na hisabati tu. Anaweza kuchukua shahada ya kwanza ya miaka mitatu, au kozi ya miaka minne inayounganisha shahada ya kwanza na uzamili, ambayo ndiyo njia ya wengi wanaokusudia kuwa watafiti. Akiwa na miaka 22 huandikishwa kwa uzamivu. Ufadhili wa serikali kwa kawaida ni wa miaka mitatu na nusu, na chuo kinachoacha wanafunzi wake wapitilize muda huo sana huulizwa maswali na mfadhili. Matokeo yake, mwenye miaka 26 huwa amemaliza au anaandika sura za mwisho.

Marekani sekondari huisha mtu akiwa na miaka 18 vilevile, lakini shahada ya kwanza huchukua miaka minne na hubeba masomo mengi nje ya fizikia: fasihi, historia, lugha. Anayehitimu akiwa na miaka 22 huingia moja kwa moja kwenye programu ya uzamivu bila kulazimika kupata uzamili kwanza. Akitumia miaka sita bila kupumzika hufikisha 28. Kwa kuwa wengi hufanya kazi mwaka mmoja au miwili kabla ya kuanza, na wengine hukaa miaka saba, umri wa kati hufika karibu na 30. Wageni wengi, ambao ni sehemu kubwa ya wanafunzi wa uzamivu wa fizikia huko, huja tayari na uzamili wa kwao, na mara nyingi hulazimika kurudia masomo yaleyale.

Mpangilio wa Japani ni rahisi kuukariri: shahada ya kwanza miaka minne, uzamili miwili, uzamivu mitatu. Kijana asiyekwama popote humaliza akiwa na miaka 27. Japani pia ina njia ya pili. Mtafiti aliyeajiriwa katika kampuni au taasisi anaweza kuwasilisha tasnifu bila kuwahi kuandikishwa katika kozi ya uzamivu, chuo kikaipima na kumtunuku shahada. Wanaopita njia hii kwa kawaida huwa na umri mkubwa zaidi, maana miaka yao ya utafiti ilikuwa miaka ya kazi.

Ufaransa baada ya sekondari kuna miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili na mkataba wa miaka mitatu wa tasnifu, kwa hiyo wengi humaliza wakiwa na 26 hadi 28. Ujerumani miaka mitano ya mwanzo mara nyingi huongezeka kidogo, kwani mwaka mzima wa uzamili huwa wa utafiti wa kweli maabara, kisha uzamivu wenyewe huchukua miaka minne hadi mitano. Mpaka mwaka 2011 vijana wa kiume wa nchi hiyo walikuwa pia na wajibu wa kutumikia jeshi au huduma ya kiraia, na muda huo uliongezeka juu ya umri wao. India shahada ya kwanza huisha kwa kawaida mtu akiwa na miaka 21, uzamili 23, na ruzuku ya utafiti hutolewa kwa miaka mitano, miwili ya ngazi ya chini na mitatu ya ngazi ya juu. Hapo pia 28 au 29 ndio umri wa kutarajiwa.

Urusi inahitaji tahadhari. Huko kuna shahada mbili za utafiti. Ya kwanza, ya mtahiniwa wa sayansi, ndiyo inayolingana na uzamivu wa nchi nyingine. Ya pili, ya udaktari wa sayansi, hupatikana miaka mingi baadaye kwa mtu aliyekwisha jenga jina katika fani yake. Anayeilinganisha hiyo ya pili na uzamivu wa Uingereza atadhani Warusi huchelewa kwa miaka kumi na zaidi, na atakuwa amelinganisha vitu viwili tofauti.

Kinachojaza miaka ya utafiti

Katika programu ya Kimarekani, mwaka wa kwanza na wa pili hutumika kwa masomo ya darasani: mekanika ya kale, sumaku-umeme, mekanika ya kwanta na fizikia ya takwimu. Baada ya hapo huja mtihani mkuu wa kufuzu, na asiyefaulu huondoka na shahada ya uzamili. Katika miaka hiyo mwanafunzi hulipwa kwa kusahihisha kazi na kusimamia maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ni tangu mwaka wa tatu ndipo anapoingia katika kundi la utafiti na kuanza kulipwa na mradi wa msimamizi wake. Ulaya Bara mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mkataba. Uholanzi mkataba huo ni wa miaka minne, una mshahara na likizo, na ukiisha kabla ya tasnifu kukamilika mwenyewe hutafuta namna ya kujikimu.

Aina ya fizikia nayo ina uzito wake. Anayefanya nadharia huhitaji kalamu, kompyuta na tatizo linaloweza kutatuliwa. Akilipata tatizo zuri mapema anaweza kumaliza haraka, na likigoma anaweza kukaa mwaka mzima bila hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Anayefanya majaribio hutegemea vifaa. Pampu ya ombwe ikivuja, leza ikiungua au mashine ya kupozea kwa heliamu ikisimama, kazi husimama mpaka kipuri kifike. Mara nyingi mwanafunzi wa kwanza wa maabara mpya hutumia miaka yake kuunda chombo ambacho wanaomfuata watavuna matokeo yake.

Majaribio makubwa yana kalenda zisizomjali mwanafunzi mmoja. Mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe wa CERN, karibu na Geneva, uliwashwa Septemba 2008 na ukaharibika baada ya siku chache, na migongano ya kwanza ikaja mwishoni mwa 2009. Wanafunzi waliokuwa wakisubiri data waliandika tasnifu za maigizo ya kompyuta na upimaji wa vigunduzi, au wakaongeza muda. Waliokuwa mwaka wa mwisho Julai 2012, kilipotangazwa kugunduliwa kwa chembe ya Higgs, walibahatika kuwa na data ambazo watangulizi wao walizikosa. Mtambo huohuo hufungwa kwa matengenezo ya miaka kadhaa kila baada ya kipindi. Astronomia ina hali hiyohiyo: darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ilikuwa imeahirishwa mara nyingi, na mipango ya tasnifu iliyoitegemea iliahirishwa pamoja nayo. Janga la korona la mwaka 2020 lilifunga maabara duniani kote, na wafadhili kadhaa walilazimika kuongeza miezi ya ruzuku.

Fizikia na fani nyingine

Pamoja na ucheleweshaji huo wote, wanafizikia ni miongoni mwa wahitimu vijana kabisa wa uzamivu. Marekani umri wa kati wa wahitimu wa sayansi za maumbile, yaani fizikia, kemia na jamaa zao, hukaribia miaka 30, wa fasihi na historia huipita 33, na wa taaluma ya elimu hukaribia 40.

Sababu ya kwanza ni fedha. Takriban kila mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia katika nchi tajiri hulipwa, hivyo hahitaji kuacha masomo atafute karo. Sababu ya pili ni mfululizo. Hisabati ya ngazi ya juu husahaulika upesi isipotumiwa, kwa hiyo walimu huwahimiza wanafunzi waendelee moja kwa moja, wakati fani ya elimu huthamini uzoefu wa kufundisha na huwapokea watu waliokwisha kuwa walimu wakuu. Sababu ya tatu ni namna ya kazi yenyewe. Mwanafizikia huingia katika kundi lenye maswali tayari, msimamizi humpa kipande cha swali, na makala mbili au tatu zilizochapishwa huweza kuunganishwa kuwa tasnifu. Mwanahistoria hujitafutia swali, hujifunza lugha za nyaraka na hukaa katika maktaba za nchi za mbali kabla ya kuandika.

Zama za madaktari wa miaka 21

Masimulizi ya historia ya fizikia yamejaa vijana. Max Planck alipata udaktari Munich mwaka 1879 akiwa na miaka 21. Erwin Schrödinger aliupata Vienna mwaka 1910 akiwa na 22. Wolfgang Pauli na Werner Heisenberg, wote wanafunzi wa Arnold Sommerfeld huko Munich, waliupata mwaka 1921 na 1923, kila mmoja akiwa na miaka 21. Enrico Fermi alimaliza Pisa mwaka 1922 akiwa na 20. Mekanika ya kwanta ya miaka hiyo ilipachikwa jina la utani la fizikia ya wavulana.

Orodha hiyo hupotosha isipoelezwa mfumo uliokuwapo. Katika vyuo vya Kijerumani vya wakati huo hapakuwa na shahada ya kwanza wala uzamili kama zinavyojulikana leo. Kijana alitoka sekondari akiwa na miaka 18, akasoma mihula sita au zaidi, na shahada yake ya kwanza ikawa ndiyo udaktari. Heisenberg aliingia chuoni mwaka 1920 na akamaliza Julai 1923. Tasnifu yake ilihusu mtibuko wa vimiminika, na katika mtihani wa mdomo nusura aanguke, kwani mtahini wake Wilhelm Wien alimuuliza maswali ya fizikia ya majaribio, likiwamo la jinsi betri inavyofanya kazi, naye hakuweza kuyajibu. Alipita kwa alama ya chini. Kwa mpangilio wa sasa, miaka hiyo mitatu ingempa shahada ya kwanza. Aidha udaktari wa Kijerumani haukutosha kumruhusu mtu kufundisha chuo kikuu. Ilibidi aandike kazi ya pili na kuitetea, na Planck alifanya hivyo mwaka 1880, Heisenberg mwaka 1924.

Uingereza haikuwa na uzamivu kabisa mpaka mwaka 1917, Oxford ilipouanzisha, Cambridge ikafuata muda mfupi baadaye. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwavuta Wamarekani waliokuwa wakienda Ujerumani kutafuta udaktari. J. J. Thomson na Ernest Rutherford walijenga fizikia ya atomu bila kupita njia hiyo. Paul Dirac ni wa kizazi kilichofuata, na alihitimu Cambridge mwaka 1926 akiwa na miaka 23. Marekani ilikuwa imetangulia, kwani Yale ilitoa shahada zake za kwanza za uzamivu mwaka 1861, moja ikiwa ya fizikia. Mwaka 1876 chuo hichohicho kilimtunuku Edward Bouchet uzamivu wa fizikia akiwa na miaka 23, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo katika nchi yake. Kuhitimu mapema hakukumfungulia mlango wowote wa chuo kikuu, naye alifundisha shule ya vijana weusi huko Philadelphia kwa zaidi ya miaka 20.

Kadiri karne ya 20 ilivyosonga, umri ulipanda. Maarifa ya lazima yaliongezeka: mwanafunzi wa leo husoma mekanika ya kwanta kama somo la kawaida kabla ya kufika kwenye mipaka ambayo Heisenberg aliikuta karibu na mlango. Vifaa vikawa vikubwa na makundi makubwa zaidi. Nyakati za haraka zilirudi kwa sababu za nje. Vita vya Pili vya Dunia vilimfanya Richard Feynman aandike tasnifu yake Princeton upesi mwaka 1942, akiwa na miaka 24, kwa kuwa kazi ya bomu la atomiki ilikuwa inamsubiri. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, Marekani ilimwaga fedha za ufadhili na idadi ya wahitimu wa fizikia ikaongezeka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ajira zilipopungua. Vipaji vya pekee bado hutokea. Stephen Wolfram alihitimu Caltech mwaka 1979 akiwa na miaka 20, lakini kwa sasa mtu wa namna hiyo huwa nje kabisa ya kawaida.

Waliohitimu wakiwa wakubwa

Kuna waliochelewa na wasipungukiwe na kitu. Louis de Broglie alianza chuo kwa kusoma historia, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukua katika mawasiliano ya redio kwenye Mnara wa Eiffel. Tasnifu yake ya mwaka 1924, iliyodai kuwa elektroni ina tabia ya wimbi, aliiwasilisha akiwa na miaka 32, na ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa wanawake vikwazo vilikuwa vya kisheria na kijamii. Marie Curie alifanya kazi ya kufundisha watoto majumbani huko Poland kwa miaka kadhaa ili kumsaidia dada yake asome Paris kwanza. Alifika Paris mwaka 1891, akaanza utafiti wa tasnifu baada ya kujifungua binti yake wa kwanza mwaka 1897, na akahitimu Juni 1903 akiwa na miaka 35. Miezi michache baadaye alipewa Tuzo ya Nobel. Lise Meitner alizaliwa Vienna wakati elimu ya shule ya wasichana ikiishia miaka 14, na vyuo vikuu vya Austria vilianza kuwapokea wanawake mwaka 1897 tu. Ilimbidi asome kwa walimu binafsi afidie miaka ya sekondari, na alipata udaktari mwaka 1906 akiwa na 27. Mwanaastronomia Vera Rubin alimaliza Georgetown mwaka 1954 akiwa mama wa watoto wawili, akihudhuria masomo usiku.

Wengine waliacha na kurudi. Brian May alianza uzamivu Imperial College mwaka 1970, akauacha kwa ajili ya gitaa lake katika bendi ya Queen, na akarudi kukamilisha tasnifu yake kuhusu vumbi lililo kati ya sayari mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Manfred Steiner, daktari wa magonjwa ya damu aliyestaafu, alitetea tasnifu ya fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 2021 akiwa na miaka 89. Kwa kawaida vyuo haviweki ukomo wa umri wa kutunukiwa uzamivu. Ukomo, pale ulipo, huwa wa ruzuku.

Njia ya Afrika Mashariki

Tanzania, kwa mpangilio wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita, mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba humaliza kidato cha sita akiwa na 20. Miezi ya kusubiri matokeo kati ya kidato cha nne na cha tano imo katika hesabu hiyo. Shahada ya kwanza ya sayansi ya miaka mitatu humfikisha 23 au 24, uzamili wa miaka miwili 26, na uzamivu wa miaka minne 30. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kijana alimaliza sekondari na miaka 18, akaingia chuo mwaka uliofuata kwa shahada ya miaka minne, kisha uzamili na uzamivu, na bila kukwama angehitimu akiwa na 28 au 29. Uganda hufuata ngazi zinazofanana na za Tanzania.

Kwa hiyo hata asiyepoteza siku humfikia Mwingereza akiwa amechelewa miaka miwili hadi minne. Kinachoongeza zaidi ni mapengo. Wengi wanaosoma fizikia chuoni huisoma pamoja na ualimu, na wakihitimu hupangwa shule za sekondari. Mikopo ya serikali huelekezwa zaidi kwenye shahada ya kwanza, hivyo uzamili husubiri akiba au mfadhili. Aliyebaki chuoni kama mkufunzi msaidizi husoma uzamili, hupanda kuwa mhadhiri msaidizi, na huomba likizo ya masomo kwa uzamivu. Akiisomea shahada hiyo hapohapo nyumbani, mara nyingi anaendelea kufundisha madarasa makubwa na kusahihisha mitihani. Wakati huo ana familia, na ndugu wanaomtegemea kwa karo.

Vifaa ni tatizo la pili. Sampuli za utando mwembamba wa kukusanya nishati ya jua zinaweza kutengenezwa Dar es Salaam au Nairobi, lakini kipimo kimoja muhimu huweza kuhitaji chombo kilicho Ulaya au Afrika Kusini. Suluhisho lililodumu kuliko mengine ni masomo ya zamu, ambapo mwanafunzi huandikishwa chuo cha nyumbani na kila mwaka hukaa miezi kadhaa katika maabara ya nje. Programu ya kimataifa ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, iliyoanza mwaka 1961 na fizikia, imewalea wanafizikia wengi wa ukanda huu kwa utaratibu huo. Kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964, huwapokea wanafunzi wa uzamivu kwa ziara za namna hiyo. Utaratibu wa zamu hurefusha muda kidogo, lakini humrudisha mhitimu kwenye idara yake badala ya kumwacha ugenini.

Tangu 2018 kituo hicho cha Trieste kina tawi Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, linalotoa uzamili na uzamivu wa fizikia kwa Waafrika. Taasisi ya Kiafrika ya sayansi ya hisabati, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ikiwa na kituo Rwanda, hufupisha uzamili. Mabadiliko ya mitaala nayo yatagusa hesabu ya miaka: Tanzania, katika toleo la 2023 la sera yake ya elimu, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na Kenya imeuacha mfumo wa 8-4-4 na kufuata mtaala wa umilisi.

Umri huo na maisha ya kazi

Kuhitimu siyo mwisho wa maandalizi kwa anayetaka kubaki katika utafiti. Hufuata mikataba ya muda mfupi ya utafiti, kila mmoja wa miaka miwili au mitatu, mara nyingi katika nchi tofauti. Ulaya na Marekani mtu aliyehitimu na miaka 29 huweza kupata nafasi ya kudumu akikaribia 40. Ndiyo maana wahitimu wengi huhamia sekta za kompyuta, benki, tiba na viwanda, ambako hesabu na upangaji wa data vina soko mara moja.

Wafadhili wamejifunza kutotumia umri wa kuzaliwa kama kigezo. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa ruzuku yake ya watafiti wanaoanza, kwa miaka mingi limepokea maombi ya waliohitimu kati ya miaka miwili na saba iliyopita, na humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto. Kwa kanuni hiyo, aliyehitimu na 25 na aliyehitimu na 40 husimama mstari mmoja.

Katika vyuo vya Afrika Mashariki athari huonekana upande wa usimamizi. Kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa huchukua kwa kawaida angalau miaka mitatu kila ngazi. Aliyepata uzamivu akiwa na miaka 42 hawezi kuwa profesa kamili kabla ya 51, na Tanzania maprofesa hustaafu kwa lazima wakiwa na 65. Hubakiwa na miaka 14, muda wa kulea vizazi vitatu hivi vya wanafunzi wa uzamivu mmoja baada ya mwingine. Aliyehitimu na 29 anaweza kufika ngazi hiyo na miaka 38 na kulea vizazi vitano au zaidi. Kwa idara yenye wanafizikia wachache, tofauti hiyo huamua kama nafasi zinazoachwa na wastaafu zitajazwa kwa wakati.